Roketi yako ya kwanza kwenye Kerbal Space Program: ijenge kuanzia juu

Mgeni wa Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kurusha roketi, mara nyingi huanza hivi: anapanga matangi juu ya injini kubwa, anaiwasha, roketi inapanda wima hadi kilomita 100, halafu inarudi chini kama jiwe. Anaongeza matangi. Sasa inafika kilomita 300, na bado inarudi. Kinachokosekana si urefu. Kukaa kwenye obiti ni kwenda pembeni kwa kasi kubwa kiasi kwamba kila unapoanguka, ardhi nayo inapinda na kukukwepa. Angahewa ya Kerbin, sayari unayoanzia, inaishia kilomita 70. Ukiwa kilomita 80 juu unahitaji kasi ya mita 2,280 hivi kwa sekunde, sambamba na ardhi. Kasi hiyo ndiyo inayokula mafuta mengi. Kupanda huko juu ni kazi ndogo ukilinganisha.

Uwezo wa roketi hupimwa kwa delta-v, yaani jumla ya mabadiliko ya kasi ambayo mafuta yako yanaweza kukupa. Kutoka uwanjani hadi obiti ya chini ya Kerbin tenga mita 3,400 kwa sekunde. Humo mna hasara ya hewa na ya uvutano pia. Mchezo wenyewe unakupigia hesabu hiyo ndani ya karakana, kwenye orodha ya ngazi, yaani sehemu za roketi zinazowaka na kuachiwa kwa zamu, lakini angalia imewekwa kusoma wapi: usawa wa bahari au kwenye ombwe, kusiko na hewa. Namba hizo mbili hutofautiana sana, na wengi hudanganyika hapo.

Sasa tujenge, tukianza na kile kinachorudi nyumbani. Chumba cha rubani Mk1 kina tani 0.84. Juu yake weka parachuti ya Mk16, tani 0.1. Chini yake ngao ya joto ya mita 1.25, tani 0.3, kisha kitenganishi cha TD-12, tani 0.04. Hiyo ni tani 1.28. Chini yake tangi moja la FL-T400, ambalo likijaa ni tani 2.25 na likiisha ni 0.25, na injini ya Terrier yenye nusu tani. Ngazi ya juu nzima ni tani 4.03, na inatoa delta-v ya mita 2,320 hivi kwa sekunde.

Ngazi ya chini: kitenganishi kingine cha TD-12, tangi la FL-T800, tangi la FL-T400, injini ya Swivel, na mapezi manne madogo sehemu ya chini kabisa. Roketi nzima sasa ni tani 12.4 na vipande 14. Kwenye Career, mfumo wa mchezo unaoanza na majengo madogo ukiyaboresha polepole, inaingia bila shida ndani ya mipaka ya majengo ya mwanzo, ambayo ni tani 18 uwanjani na vipande 30 karakanani. Ngazi ya chini inaongeza mita 2,080 hivi ukihesabu kwa ombwe. Jumla ni kama 4,400, kwa hiyo ukifika obiti unabaki na mita 1,000 mkononi. Hizo tutazitumia.

Kabla ya kuongeza chochote, tazama uzito unavyofanya kazi. Chukua roketi hii hii, kisha weka tani moja tu ya vifaa juu, karibu na chumba cha rubani. Ngazi ya juu inashuka kutoka 2,320 hadi 1,715. Ya chini inashuka kutoka 2,080 hadi 1,870. Tani moja imekula zaidi ya mita 800 kwa sekunde, na umebaki na roketi inayogusagusa tu obiti. Ndiyo maana roketi hujengwa kutoka juu kushuka chini: kila kilo ya juu hulipiwa mafuta na ngazi zote zilizo chini yake. Ikikushinda kufika, kwanza tafuta cha kuondoa juu, ndipo ufikirie kuongeza chini.

Kuongeza chini nako kuna mwisho wake. Swivel ikiwa usawa wa bahari ina msukumo wa kilonyutoni 168. Roketi yetu ina uzito wa kilonyutoni 121, kwa hiyo uwiano wa msukumo kwa uzito ni 1.38, na huo ni mzuri. Ongeza tangi moja tu la FL-T400 kwenye ngazi ya chini na uwiano unashuka hadi 1.17: roketi inajivuta uwanjani, ikichoma mafuta kwa kushindana na uvutano tu. Kwenye kuruka lenga kati ya 1.3 na 1.7.

Injini nazo zina mahali pake. Terrier ni hodari kwenye ombwe, kilonyutoni 60 kwa mafuta kidogo, lakini usawa wa bahari haifiki hata 15, na ngazi yake peke yake ina uzito wa karibu 40. Ukiiweka chini haitanyanyuka hata sentimita. Reliant inavutia wageni kwa sababu ni nyepesi kuliko Swivel na ina nguvu zaidi, ila haipindishi mdomo wake, kwa hiyo haikusaidii kuongoza. Roketi ya kwanza iwe na Swivel.

Mapezi yakae chini kwa sababu ile ile inayofanya mshale uwekewe manyoya nyuma. Karakanani kuna vitufe vya kuonyesha kitovu cha uzito, tufe la njano, na kitovu cha nguvu za hewa, tufe la buluu. La buluu liwe chini ya la njano. Ukiona liko juu, roketi itapinduka hewani, na hakuna ustadi wa vidole utakaoiokoa. Kitufe cha X ukiwa karakanani hubadilisha idadi ya vipande vinavyowekwa kwa pamoja. Chagua vinne, vijipange sawa vyenyewe.

Kisha orodha ya ngazi. Mchezo huipanga wenyewe na mara nyingi hukosea. Isome kutoka chini kwenda juu, maana ndivyo itakavyowaka: Swivel peke yake, kitenganishi cha chini pamoja na Terrier, kitenganishi cha juu, parachuti mwisho kabisa. Kosa la kila siku ni parachuti kuangukia kundi moja na Swivel. Unabonyeza mara moja, injini inawaka na parachuti inachomoka papo hapo.

Uwanjani bonyeza T kuwasha SAS, msaidizi wa kushikilia uelekeo, Z kufungua injini kikamilifu, kisha upau wa nafasi. Acha ipande wima hadi mita 60 kwa sekunde, halafu gusa D kidogo uilaze digrii 5 hadi 8 kuelekea mashariki, yaani 90 kwenye tufe la dira. Mashariki kwa sababu Kerbin inazunguka kuelekea huko, na ukiwa bado chini umeshapewa mita 175 kwa sekunde bure. Duniani ni vivyo hivyo: jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi liliwekwa pale kwa kuwa liko jirani na ikweta na lina bahari tupu upande wa mashariki. Desemba 12, 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka hapo.

Baada ya kuilaza, kazi yako ni kufuata ile alama ya kijani-njano, duara lenye vijiti vitatu, inayoonyesha unakoelekea. Pua ibaki ndani ya duara hilo au ukingoni mwake. Ukifika kilomita 10 uwe umelala kama digrii 45. Roketi nyingi hupinduka kati ya kilomita 5 na 15, na sababu ni moja: rubani anaona amechelewa kulala, anakandamiza D, pua inatoka mbali na mwendo, hewa nzito inaipiga ubavuni. Umechelewa? Endelea taratibu. Utapoteza mafuta kidogo, lakini roketi utakuwa nayo. Ikianza kuyumba, punguza injini kwa Ctrl kabla hujafanya jambo lingine.

Swivel itamaliza mafuta sekunde 88 baada ya kuwaka, ukiwa umeifungua kikamilifu muda wote. Bonyeza upau wa nafasi, Terrier iendelee. Terrier haina haraka; tangi lake linamchukua karibu dakika mbili kulimaliza. Fungua ramani kwa M na uangalie apoapsi, sehemu ya juu kabisa ya njia yako. Ikifika kilomita 81 zima kwa X, maana hewa iliyobaki itakupunguzia kidogo.

Sasa subiri utoke kilomita 70. Kwenye ramani bofya njia yako pale kwenye apoapsi, weka nodi, yaani alama ya kupanga uchomaji ujao, na uvute mshikio wa mbele mpaka upande wa pili wa njia ufike zaidi ya kilomita 75. Mchezo utakuambia kuchoma kutachukua sekunde ngapi. Anza nusu ya muda huo kabla ya kufika. Kama ni sekunde 60, anza zikibaki 30. Kwenye Career nodi hazipatikani mpaka uboreshe majengo ya Tracking Station na Mission Control. Bila nodi, elekeza pua kwenye alama ya mwendo na uwashe kama nusu dakika kabla ya apoapsi. Jebediah na Valentina nao, wakiwa marubani wapya kwenye Career, hushikilia uelekeo tu. Kufuata alama ya mwendo wenyewe wanajifunza wakipanda daraja. Kwa hiyo shika usukani.

Bonyeza F5 sasa hivi kuhifadhi mchezo, kabla ya jambo lingine. F9 ikishikiliwa inakurudisha hapo.

Kurudi ni rahisi. Geuza pua kinyume na mwendo, choma kama mita 45 kwa sekunde, periapsi, sehemu ya chini kabisa ya njia yako, ishuke hadi kilomita 30 hivi. Achia ngazi ya Terrier, elekeza ngao ya joto mbele, na uache hewa ifanye kazi. Parachuti usiifungue ukiwa juu ya mita 250 kwa sekunde, itachanika. Kwa kawaida hutanuka kikamilifu mita 1,000 kutoka ardhini, na kwenye milima inafaa uongeze kipimo hicho.

Ile mita 1,000 iliyobaki inatosha kuzunguka nyuma ya Mun, mwezi wa karibu wa Kerbin, na kurudi, bila kutua. Ukiwa kwenye obiti ya kilomita 80, subiri Mun ichomoze kwenye upeo wa macho mbele yako, kisha choma mbele mita 860 hivi. Panga upite mbele ya Mun, upande inakoelekea, si nyuma yake: ukipita mbele inakupunguzia kasi na kukurudisha Kerbin, ukipita nyuma inakurusha mbali. Rekebisha mapema, ukiwa nusu ya njia, mpaka periapsi ya kurudi isome kilomita 30 hadi 35. Utaingia hewani ukiwa na zaidi ya mita 3,100 kwa sekunde, na hapo ngao ya joto italipa zile tani 0.3 zake.

Kutua, anzia Minmus, mwezi mwingine mdogo wa Kerbin, ingawa iko mbali zaidi. Kutoka obiti ya Kerbin, kutua na kuondoka tena kunahitaji kama 1,610 kwa Minmus na 2,640 kwa Mun, kwa kuwa uvutano wa Minmus ni mdogo sana. Njia yake imeinama digrii 6, kwa hiyo linganisha mwinamo wako kwanza pale njia mbili zinapokatana. Na chagua zile nyanda zake bapa. Kwingine kipimo cha urefu husoma kutoka usawa wa sifuri wa sayari, na mwamba unaweza kuwa mita 2,000 juu ya sifuri hiyo. Kwenye nyanda za Minmus ardhi yenyewe ndiyo sifuri, kwa hiyo kikisoma 50, umebakisha mita 50 kweli, na uwe umeshapunguza hadi mita 5 kwa sekunde.