Re: Rangi inabambuka sebuleni kwa mteja

Pole dada. Kwa ulivyoeleza, mteja wako wa Mji Mkongwe, Zanzibar, anataka sebule ya kijani kilichokolea, rangi imebambuka mara mbili, na sasa fundi anataka kupiga plasta ya saruji. Mzuie! Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinavuta unyevu na kuutoa. Saruji na rangi ya plastiki huufungia ndani. Niliwahi kuharibu ukuta hivyohivyo, nikamrudishia mteja pesa zake.

Bandua yote, piga lipu ya chokaa, iache ikauke wiki kadhaa, ndipo upake rangi ya chokaa. Kijani kitafifia kikikauka, kwa hiyo jaribu kipande kwanza, mteja akione asubuhi na jioni. Ukikuta ufa mpana au boriti iliyooza, usiguse: mwite mhandisi, na uulizie kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe.