Maswali ya Wasomaji: Mikondo ya Bahari Husukumwa na Nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Mwanafunzi wangu alidai kuwa mikondo ya bahari hutokana na maji kujaa na kupwa. Nilipomwambia kuwa inasukumwa na upepo, akaniuliza upepo huo unafikaje kwenye kina cha kilomita nne. Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

JIBU: Mwanafunzi huyo anastahili pongezi, kwa kuwa swali lake ni zito kuliko kosa lake. Kujaa na kupwa huyasogeza maji huku na huku, na katika milango-bahari myembamba huweza kuleta kasi ya kutisha, lakini maji yaliyokwenda hurudi baada ya saa chache. Mkondo ni maji yanayoshika njia moja kwa msimu mzima, au kwa karne nyingi mfululizo.

Kuhusu tabaka la juu, jibu lako lilikuwa sahihi, ila halikukamilika. Upepo huburuta maji ya juu tu, kiasi cha mita 100 hivi, na hata hayo hayaendi sawasawa kule unakovuma. Mwaka 1893 Fridtjof Nansen wa Norwei aliiacha kwa makusudi meli yake, Fram, inaswe na barafu ya Aktiki, na katika safari hiyo ya kubebwa nayo aliona kwamba barafu ilikuwa ikielea kuelekea upande wa kulia wa upepo, kwa nyuzi 20 hadi 40. Mwaka 1905 Vagn Walfrid Ekman wa Uswidi alichapisha hesabu za jambo hilo: kwa kuwa dunia inajizungusha, kila kinachosafiri juu yake hupindishwa kulia katika kizio cha kaskazini na kushoto katika kizio cha kusini. Kwa sababu hiyo pepo za kudumu hurundika maji katikati ya bahari kuu, na maji hayo yanapotaka kuteremka hupindishwa tena, hata yakaishia kuzunguka bonde zima la bahari kama uji unaokorogwa, kufuata mwendo wa mishale ya saa upande wa kaskazini na kinyume chake upande wa kusini.

Bahari Hindi, katika sehemu yake ya kaskazini, ina tabia ya peke yake. Huko upepo wenyewe hugeuka kila mwaka, na mkondo wa Somalia hugeuka nao: wakati wa kusi hukimbilia kaskazini kwa nguvu, na wakati wa kaskazi hurudi kusini. Mabaharia wa majahazi walilijua hilo muda mrefu kabla halijaandikwa katika vitabu vya sayansi.

Sasa tushuke chini. Kule kinachoyaendesha maji ni uzito wao. Kilo moja ya maji ya bahari hubeba takribani gramu 35 za chumvi, na kadiri maji yanavyopoa na kuzidi chumvi ndivyo yanavyokuwa mazito. Karibu na Greenland, maji ya chumvi yaliyotoka nchi za joto hupoteza joto lake kwa hewa ya baridi kali, kisha huzama. Kando ya Antaktika bahari huganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri, na barafu inapojiunda huiacha sehemu kubwa ya chumvi nje, kwa hiyo maji yanayobaki huwa mazito zaidi na kuteremka hadi sakafuni. Kutoka hapo huenea polepole mno. Tone lililozama leo laweza kuchukua karne kadhaa, pengine miaka 1,000, kabla ya kuliona jua tena. Mwambie mwanafunzi wako kwamba upepo hauendi kuyasukuma maji kule chini, lakini una kazi katika kuyarudisha juu: pepo kali za magharibi zinazoizunguka Antaktika huyasukuma kando maji ya juu, na ya chini hupanda kujaza nafasi.

SWALI: Ikiwa bahari ndiyo chanzo cha mvua, kwa nini majangwa ya Atacama na Namib yamepakana nayo?

JIBU: Kwa sababu bahari iliyo mbele yao ni ya baridi. Mkondo wa Humboldt katika pwani ya Chile na Peru, na ule wa Benguela katika pwani ya Namibia, huleta maji kutoka upande wa kusini, na upepo uvumao sambamba na pwani huyasogeza maji ya juu mbali na nchi kavu, hivyo maji ya baridi zaidi huibuka kutoka chini. Hewa iliyolala juu ya maji hayo hupoa kutoka chini, ikawa nzito na kukosa nguvu ya kupanda. Unyevu wake huishia kuwa ukungu badala ya mawingu ya mvua. Si haki kuubebesha mkondo lawama zote, kwa kuwa katika latitudo hizo hewa ya juu nayo hushuka na kukauka, na milima ya Andes huizuia mvua ya upande wa mashariki isifike Atacama.

Maji hayohayo yanayoinyima nchi mvua hupanda na rutuba, na ndiyo maana Peru ina uvuvi mkubwa wa dagaa. Upepo wa huko unapolegea, maji ya joto hurudi pwani, samaki hupungua na mvua hufurika jangwani. Wavuvi wa Peru waliiita hali hiyo El Niño, yaani Mtoto Yesu, kwa kuwa ilionekana karibu na Krismasi.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Mkondo wa Ghuba utasimama na Ulaya itaganda?

JIBU: Hapo vitu viwili vimechanganywa. Mkondo wa Ghuba wenyewe, yaani ule unaobeba maji ya joto kutoka Ghuba ya Meksiko kupitia pwani ya mashariki ya Marekani kuelekea Ulaya, husukumwa zaidi na upepo, na hautasimama maadamu upepo unavuma na dunia inazunguka. Kinachohofiwa ni kudhoofika kwa mzunguko mpana zaidi wa Atlantiki, ule unaopeleka maji ya joto kaskazini na kuyarudisha chini yakiwa baridi. Vyombo vya kuupima vilivyowekwa baharini tangu mwaka 2004, karibu na latitudo ya nyuzi 26 kaskazini, vimeonyesha wastani wa mita za ujazo milioni 17 hivi kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya mara kumi ya maji ya mito yote duniani. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilieleza mwaka 2021 kuwa mzunguko huo una uwezekano mkubwa sana wa kupungua nguvu katika karne hii, ingawa halikutarajia uporomoke ghafla kabla ya mwaka 2100.

Sababu ya hofu hiyo unaweza kuiona mezani. Gandisha maji uliyoyatia rangi, kisha weka kipande kimoja katika bilauri ya maji matamu na kingine katika bilauri ya maji ya chumvi nyingi. Katika ya kwanza utaona nyuzi za rangi zikishuka hadi chini, kwa kuwa maji yanayoyeyuka ni baridi na mazito kuliko yaliyoyazunguka. Katika ya pili rangi itabaki juu kama kifuniko, kwa sababu maji matamu, hata yakiwa baridi, ni mepesi kuliko ya chumvi. Barafu ya Greenland ni maji matamu.