Programu "inapokimbia", inakimbilia wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtengeneza programu, na jioni nawafundisha vijana wa mtaani kwetu Sinza kuandika Java, lugha ya kuundia programu, kwa Kiswahili. Kuna sentensi moja ya somo imenikwamisha: "Akisi hukuwezesha kuangalia aina zilizoorodheshwa wakati wa kukimbia." Nikiisoma, vijana wananitazama tu. Nimekosea wapi? Na ile ambayo sisi wenyewe tunaiita enumu (enum kwa Kiingereza), kwa Kiswahili niiiteje? – Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Vijana hawana kosa. Mimi mwenyewe niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni swali la fizikia kuhusu mtu anayefukuzwa na mbwa.

Tuanze na huko mwisho kwenye mbio. Kwa Kiswahili, anayekimbia ana miguu au ana sababu. Mtoto kakimbia shule, mdaiwa kakimbia deni. Ukiniambia programu imekimbia, nitakuuliza imeelekea wapi. Gari nalo husemwa linakimbia, lakini hapo tunasifu mwendo wake, kama tunavyosema "leo mtandao unakimbia". Kwa hiyo kijana akisikia "programu inakimbia" ataelewa kwamba ni nyepesi, haigandi. Hataelewa kwamba iko kazini. Mashine huendeshwa, amri hutekelezwa. Wala huhitaji neno "wakati", kwa sababu Kiswahili kimekupa -po- ya kuingiza ndani ya kitenzi: inapoendeshwa. Silabi moja imemaliza kazi. Ofisini mtaendelea kusema "ngoja nii-rani nione", na hilo la mdomoni silipigii kelele. Kwenye somo lililoandikwa, andika "programu inapoendeshwa".

Sasa akisi. Hapa umeteleza kwa heshima, maana neno ni la kweli na kamusi inalo. Mwanga hugonga kioo ukaakisiwa, maji ya Bahari ya Hindi pale Kivukoni huakisi taa za meli usiku. Tatizo ni kwamba neno la Kiingereza ulilokuwa ukilitafsiri, reflection, lina maana mbili, kurudi kwa mwanga na kuwaza kwa kina, nawe ukachukua ile ya kwanza. Aliyelipa neno hilo uzito katika taaluma ya kompyuta ni Brian Cantwell Smith, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1982 kule chuo cha MIT, Marekani. Alichokuwa akikitafuta ni programu inayoweza kujifikiria yenyewe, ijue imeundwaje na inafanya nini. Hakuna mwanga wala kioo katika wazo hilo.

Utaniambia basi tuseme tafakuri, au kujitafakari. Ningekubali kama tusingekuwa Tanzania. Miaka ya karibuni kitenzi hicho kimeingia siasa: kiongozi akiambiwa "ajitafakari", sote tunajua anaonyeshwa mlango kwa adabu. Ukiandika "programu inajitafakari", kijana wa Sinza atasubiri barua ya kujiuzulu.

Mimi nachagua kujikagua. Mkaguzi hufungua vitabu, huhesabu, huuliza kilichomo, na kazi yake haimpi ruhusa ya kubadilisha chochote. Hicho ndicho unachofundisha katika somo hili, kuiuliza programu ina nini ndani. Siku utakapofika pale ambapo programu inajibadilisha yenyewe, utahitaji kitenzi kingine, na kujirekebisha kipo kinakungoja. Uzuri wa kujikagua uko kwenye -ji-. Lugha nyingine zinahitaji maneno mawili matatu kusema kwamba mtendaji na mtendwa ni mmoja. Sisi tunabandika silabi.

Ila angalia mtego wake. Ukishaweka -ji-, nafasi ya mtendwa imejaa. Huwezi kusema "programu inajikagua enumu", itasikika kama mtu anayesema "ninajiosha gari". Kwa hiyo tumia kujikagua ukitaja uwezo wenyewe kwa jumla, na ukishuka kwenye tendo mahususi rudisha kiambishi cha yambwa, yaani cha mtendwa: programu inaikagua enumu.

Tufike kwenye hiyo enumu. "Aina zilizoorodheshwa" inaonekana safi hadi uifuate sarufi yake. Ile zi- inarudi kwa aina, kwa hiyo unasema kuna aina nyingi na zimewekwa kwenye orodha. Sivyo ilivyo. Chukua mfano wa hapa hapa. Umeunda enumu inayoitwa Wilaya, ndani yake ukaandika ILALA, KINONDONI, TEMEKE, UBUNGO na KIGAMBONI. Aina ni moja tu, Wilaya. Kilichoorodheshwa ni thamani zake tano. Kama unataka maelezo ya Kiswahili kitupu, sema "aina yenye orodha funge ya thamani". Funge ni neno ambalo walimu wa lugha wanalo tayari katika silabi funge, na hapa linakaa vizuri: programu ikishaanza kuendeshwa, wilaya ya sita haizaliwi. Hata kwa njia ya kujikagua, Java inakukatalia kabisa kuunda thamani mpya ya enumu, inakutupia kosa. Aliyeandika programu yake wakati mkoa ulipokuwa na wilaya tatu alilazimika kurudi kwenye msimbo kuongeza Ubungo na Kigamboni kwa mkono.

Maelezo hayo ni marefu mno kurudiwa kila mstari, kwa hiyo yatoe mara moja mwanzoni, kisha sema enumu bila aibu. Iweke katika ngeli ya I-/ZI-, pamoja na kompyuta na programu: enumu hii imeandikwa, enumu hizi zimeandikwa. Nimesikia mtu akisema "maenumu". Tafadhali. Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, numerus, yaani hesabu, na linabeba wazo la kutaja kimoja baada ya kingine. Ndiyo kazi waliyoifanya makarani wa sensa walipopita nyumba kwa nyumba mwaka 2022. Java iliipata enumu katika toleo la 5, mwaka 2004. PHP, lugha nyingine ya kuundia programu, ilisubiri hadi toleo la 8.1, mwaka 2021. Kwa hiyo hata wenye lugha hizo hawajakaa nalo muda mrefu hivyo, na si ajabu sisi tukiwa bado tunalijaribu mdomoni.

Kuna neno ambalo hukuliuliza lakini litakukwamisha wiki ijayo. Kila thamani ya enumu ina mahali pake katika orodha, na wengi hupaita "namba". Usiite namba. Waandikishe vijana enumu ya siku za juma kwa mpangilio wetu: JUMAMOSI, JUMAPILI, JUMATATU, na kuendelea. Kisha waulize Jumatatu ni namba ngapi. Mmoja atasema 3, kwa sababu tatu imo ndani ya jina. Mashine itasema 2, kwa sababu Java huanza kuhesabu nafasi kwenye sifuri, hivyo hata Jumamosi yenye mosi yake inajikuta kwenye 0. Wa tatu, ambaye ametumia enumu ya siku iliyokuja na Java 8, ataapa kwamba ni 1, na yeye pia hajakosea, kwani ile juma lake linaanza Jumatatu na imepewa thamani ya 1, ingawa nafasi yake katika orodha ni 0. Watatu, majibu manne.

Na sisi wenyewe tusijione tumenyooka. Baada ya Jumatano inakuja Alhamisi, jina la Kiarabu lenye tano ndani yake, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Juma letu lina siku ya tano mbili zinazofuatana, na hakuna aliyewahi kukosa kazi kwa sababu hiyo, maana tunaita siku kwa majina. Kwa hiyo fundisha maneno matatu tofauti: jina la thamani, nafasi yake katika orodha, na namba kama mwandishi ameipachika. Ukiyachanganya matatu hayo kwenye neno moja, somo litakuwa ugomvi.

Jambo dogo la mwisho ni neno "ya". ILALA ni thamani ya Wilaya. Usiandike "ILALA ni enumu". Unaweza kuona ni usumbufu wa mwalimu wa sarufi, lakini hata Java inaweza kukuaibisha hapo. Thamani ikiandikiwa mwili wake yenyewe wenye kazi za pekee, Java huizalia klasi ndogo isiyo na jina (klasi, class kwa Kiingereza, ni kiolezo cha kuundia vitu vya programu). Ukiichukua klasi hiyo ukaiuliza kwa amri ya isEnum kama ni enumu, inakana: si kweli. Inabidi uiulize thamani yenyewe mzazi wake ni nani, kwa amri ya getDeclaringClass, ndipo unapata Wilaya. Mwenye kuzoea kusema "thamani ya enumu" hatashangaa sana.

Usanifishaji wa istilahi ni kazi ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, na haya ni maoni ya mtu mmoja. Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kwa uwezo wake wa kujikagua, programu inapoendeshwa inaweza kuikagua enumu na kukutajia thamani zake zote." Kisha fungua kompyuta, iulize Wilaya kwa amri ya getEnumConstants, na wazione zote tano zikishuka kwa mpangilio ule ule mliouandika, kutoka Ilala hadi Kigamboni. Na kule ukurasa wa pili ulikoandika "darasa", weka klasi. Darasa ni hapo mlipokaa.