Wanasayansi “wanadai” au “wamethibitisha”? Kuhusu lugha ya ushahidi na ya fedha za utafiti

SWALI: Mimi ni mhariri wa taarifa katika redio moja ya kijamii hapa Nairobi. Mwandishi wetu alileta sentensi hii: “Wanasayansi wanadai kuwa dunia inazidi kupata joto, huku wenzao wakisema hakuna ushahidi, na inasemekana kuwa pande zote mbili zinaongozwa na wafadhili.” Niliondoa “wanadai” nikaweka “wamethibitisha”, na mtangazaji wetu akanilaumu kwamba nimeegemea upande mmoja. Nani kati yetu yuko sahihi? Pia ningependa kujua kama “wafadhili” na “wadhamini” ni neno moja katika habari za utafiti.

JIBU: Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Upatanisho wa ngeli ni sawa na viunganishi vimekaa mahali pake. Taabu yake ni kwamba karibu kila neno zito lililomo limekwisha kutoa uamuzi, na limeutoa kimyakimya, kabla msikilizaji hajaelezwa ni nani amesema nini na kwa msingi gani. Nitaanza na kitenzi mlichogombania.

Kudai kuna sura mbili. Mwenye nyumba humdai mpangaji kodi, na hapo hakuna shaka yoyote, kwa kuwa deni lipo na mdaiwa analijua. Lakini kitenzi hicho kikifuatwa na “kuwa” au “kwamba”, maana yake hugeuka, kwa sababu mtu anayedai kwamba ameibiwa ni mtu ambaye bado hajaaminiwa. Waandishi wa habari za mahakama hufanya vyema kuandika “anadaiwa kuiba” mpaka hukumu itolewe, kwani sheria inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia. Kitenzi hicho kikihamishwa kutoka kizimbani hadi kwenye maabara, huja na mazingira yake yote, na msikilizaji aliye kwenye matatu asubuhi, ambaye hana nafasi ya kurudia sentensi, huelewa kwamba kipimo cha joto nacho kingali kinasubiri hakimu. Kwa habari ya kwamba dunia imepata joto, hiyo ni picha isiyo ya kweli. Vipimo hivyo vimefanywa na taasisi nyingi, katika nchi nyingi, kwa njia zinazotofautiana, na vinakubaliana.

Je, “wamethibitisha” ndilo neno basi? Inategemea kinachofuata. Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi liliundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa Gigiri. Lugha ya jopo hilo kuhusu mchango wa binadamu haikuanza kwa kishindo. Mwaka 1995 lilisema kwamba mizani ya ushahidi inaashiria mchango unaoweza kutambulika. Mwaka 2001 lilisema kuna uwezekano kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la joto la nusu karne iliyotangulia ilitokana na gesi joto, yaani gesi kama hewa ukaa zinazozuia joto lisitoroke angani, na mwaka 2007 likasema uwezekano huo ni mkubwa sana. Mwaka 2013 lilipanda daraja nyingine, na mwaka 2021 likaandika kwamba ni jambo lisilo na shaka kuwa shughuli za binadamu zimeongeza joto la anga, bahari na nchi kavu. Kwa hiyo mhariri anayeandika leo kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa dunia imepata joto hajaegemea popote. Katika jambo hilo wewe uko sahihi, na mtangazaji wako hayuko sahihi.

Hata hivyo, usilichukue neno hilo ukalibandika kila mahali. Zile daraja nilizozitaja zina tarakimu nyuma yake. Jopo likiandika kwamba kuna uwezekano, linamaanisha angalau asilimia 66. Uwezekano mkubwa sana ni angalau asilimia 90. Na daraja iliyotumika mwaka 2013 ni angalau asilimia 95. Vyumba vyetu vya habari hutafsiri hizo zote kwa neno moja tu, “huenda”. Huenda mvua ikanyesha kesho, huenda gavana akahudhuria mazishi, huenda binadamu amechangia ongezeko la joto. Hakuna msikilizaji awezaye kukisia kwamba la tatu lina uzito wa asilimia 95 na la kwanza labda halifiki hata nusu. Tunayo maneno ya kupimia: “yamkini”, “inaelekea”, “kuna uwezekano mkubwa”, “ni karibu yakini”, “bila shaka”. Hayajapangwa rasmi kwa ngazi kama yale ya jopo, na sioni haja ya kujifanya kwamba yamepangwa. Dawa ni kuitaja tarakimu yenyewe mara moja, katika sentensi ya kwanza, kisha kuendelea kwa maneno.

Neno “wenzao” linanisumbua kuliko “wanadai”. Mwenzako ni mtu wa daraja yako na shughuli yako, kwa hiyo ukisema “huku wenzao wakisema” umewapa wasemaji hao cheo kimoja, na “huku” imewaweka sambamba kana kwamba ni timu mbili uwanjani. Kama aliyesema hakuna ushahidi ni mtaalamu wa tabianchi mwenye kazi iliyopitiwa na wataalamu wengine, yeye ni mwenzao kweli na atajwe hivyo. Kama ni mchumi, mwanasiasa au msemaji wa kampuni, neno hilo limempa taaluma asiyokuwa nayo. Mtaje kwa kazi yake.

Hii haimaanishi kwamba wanasayansi hawabishani. Wanabishana sana, na mojawapo ya mabishano hayo linatuhusu sisi moja kwa moja. Kwa miongo kadhaa mvua za masika katika Afrika Mashariki, zile za Machi hadi Mei, zilionekana kupungua, ilhali mifano ya kompyuta, yaani hesabu zinazoiga tabianchi, ilikuwa ikitabiri kwamba eneo hili litapata mvua zaidi kadiri dunia inavyopata joto. Watafiti wamekiita kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, na wanatofautiana kuhusu sababu zake: mabadiliko ya asili katika bahari, kasoro katika mifano yenyewe, au yote mawili. Hayo ni mabishano halali, kati ya wataalamu wa daraja moja, na hakuna hata mmoja wao anayebisha kwamba joto limeongezeka. Kosa la waandishi wetu ni kutumia “kuhusu” kama gunia. “Wanasayansi wanabishana kuhusu mabadiliko ya tabianchi” ni kweli na pia inapotosha, kwa maana haisemi kama wanabishania kuwapo kwake, kasi yake, au athari zake kwa masika ya Kitui. Baada ya “kuhusu” weka jambo mahususi. Kama huwezi kulitaja, taarifa yako bado haijaiva.

Mfano mwingine wa hapa nyumbani ni ukame uliolikumba eneo la Pembe ya Afrika kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa. Kundi la watafiti wa World Weather Attribution, linalopima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika majanga ya hali ya hewa, lilikadiria mwaka 2023, kwa tahadhari, kwamba mabadiliko ya tabianchi yalifanya ukame wa namna hiyo uwe na uwezekano wa takriban mara 100 zaidi. Mwaka uliofuata mafuriko yalibomoa nyumba za watu Mathare, na kundi hilohilo likaeleza kwamba mchango wa ongezeko la joto katika mvua zile ulikuwa mdogo zaidi na wenye mashaka mengi, likasisitiza jinsi miji yetu inavyojengwa. Kwa kisa cha kwanza andika “wamekadiria”, na kwa cha pili “wameeleza”. “Wamethibitisha” ingekuwa imezidi mno katika visa vyote viwili, na “wanadai” ingekuwa imepungua.

Tofauti kati ya ushahidi na uthibitisho iko hapohapo. Ushahidi hutolewa na shahidi, na unaweza kuwa mwingi au mchache, mzito au hafifu, wala haulazimiki kuimaliza kesi. Uthibitisho hutoka kwa kitu kilicho thabiti, ambacho hakitikisiki tena. Mtu anayesema “hakuna uthibitisho” kuhusu kitendawili cha masika anaweza kuwa na hoja nzuri. Anayesema “hakuna ushahidi” kuhusu ongezeko la joto amekosea, kwa kuwa hewa ukaa inayopimwa katika kituo cha Mauna Loa, Hawaii, tangu mwaka 1958 imepanda kutoka takriban sehemu 315 kwa kila milioni hadi zaidi ya 420, na rekodi hiyo, pamoja na vipimo vya joto vyenyewe, ni ushahidi. Mwandishi wenu anukuu neno ambalo msemaji alilitamka hasa, asimchagulie.

Nikiwa hapo, niongeze jambo ambalo hukuuliza. Mwezi Julai, wakazi wa Nairobi wanapovaa makoti, husikika mizaha redioni kwamba joto la dunia limekwenda likizo. Mzaha huo hustawi pale tunapoita jambo hili “mabadiliko ya hali ya hewa”. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni wastani wa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30. Tumieni “tabianchi”, neno moja lisilo na nafasi katikati.

Sasa fedha. “Inasemekana kuwa pande zote mbili zinaongozwa na wafadhili” ni kipande kibaya kuliko vyote, kwa kuwa “inasemekana” ni kauli inayomfuta msemaji. Shutuma ya kununuliwa haifai kutolewa na mtu asiyekuwapo. Zipo shutuma zenye majina na nyaraka. Mwaka 2015 ilibainika kupitia hati zilizotolewa chini ya sheria ya Marekani ya kupata habari kwamba Willie Soon, mtafiti aliyepinga uzito wa mchango wa binadamu, alikuwa amepokea zaidi ya dola milioni 1.2 kutoka katika sekta ya mafuta na makaa ya mawe, na kwamba makala zake kadhaa hazikutaja fedha hizo. Mwenyewe alikanusha kwamba ziliyaelekeza matokeo yake. Tazama jinsi kila kitenzi hapo kinavyojitegemea: alipokea, hazikutaja, alikanusha. Hakuna pahali nilipolazimika kuandika “alihongwa”, na nisingekuwa na haki ya kuandika hivyo.

Kwa upande mwingine, fedha hazinunui jibu kila mara. Richard Muller, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyekuwa na mashaka na rekodi za joto, aliongoza mradi wa kuzihakiki upya, na miongoni mwa waliochangia gharama ni wakfu wa Charles Koch, tajiri wa mafuta, uliotoa dola 150,000. Mwaka 2011 Muller alitangaza kwamba joto limeongezeka kweli, na mwaka 2012 kwamba karibu lote limesababishwa na binadamu. Kauli ya kwamba wote “wanaongozwa na wafadhili” ingekizika kisa hiki pamoja na kile cha Soon katika kaburi moja.

Jihadhari pia na -a unganifu, ile iliyomo katika “wa” na “ya”. “Utafiti wa Exxon”, ile kampuni ya mafuta, ni upi? Januari 2023 jarida la Science lilichapisha makala ya Geoffrey Supran na wenzake iliyoonyesha kwamba wanasayansi wa Exxon wenyewe, kati ya mwaka 1977 na 2003, walitabiri ongezeko la joto kwa usahihi mkubwa, wakati kampuni hiyo hadharani ikitilia shaka sayansi hiyohiyo. Kuna utafiti uliofanywa na Exxon, na kuna utafiti uliofanywa kuihusu Exxon. Kiswahili kinaruhusu yote mawili yaitwe “utafiti wa Exxon”, na msikilizaji asiye makini atafikiri kampuni ilijichunguza yenyewe. Hapa ufupi hausaidii. Sema nani alifanya, kisha sema nani alilipa.

Wafadhili na wadhamini si neno moja. Ufadhili umetoka katika fadhila, na fadhila kwetu hubeba matarajio ya shukrani. Ndiyo maana anayelipwa karo na mfadhili huona ana wajibu kwake. Udhamini umetoka katika dhamana, na mdhamini hujibebesha jukumu juu ya jambo, kama anayemdhamini mshtakiwa kituo cha polisi. Ukiandika “wadhamini wa utafiti”, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba waliotoa fedha wanasimamia ukweli wa matokeo, jambo ambalo si lazima liwe kweli. “Ufadhili” ni neno lililozoeleka zaidi na halina ubaya, ila likiwekwa karibu na “kuongozwa” huanza kunuka. Pale ambapo hutaki kuhukumu, kitenzi bora ni “kugharimia”, kinachoeleza bili imelipwa na nani, basi. Nacho “kuathiri” ukitumie ukiwa na jambo mahususi lililoathiriwa: swali lililoulizwa, data zilizochaguliwa, au tarehe ya kuchapisha.

Sentensi yenu ningeiandika upya hivi, nikichukulia kwamba taarifa inamhusu Muller: “Wanasayansi wamethibitisha kuwa dunia imepata joto. Richard Muller, mwanafizikia aliyekuwa na mashaka, alihakiki rekodi hizo katika mradi ambao sehemu ya gharama zake ililipwa na wakfu wa tajiri wa mafuta, na mwaka 2011 akakubaliana nazo. Wataalamu wangali wanatofautiana kuhusu jinsi joto hilo linavyobadilisha mvua za masika katika Afrika Mashariki.” Ni ndefu kuliko ya mwandishi wenu, na mtangazaji atahitaji kuvuta pumzi baada ya “mafuta”. Kuhusu tahajia, “kugharimia” na “kugharamia” zote zinatumika. Chagueni moja na muitumie katika taarifa nzima.