Muulize Fundi: Skuta Yangu Italalaje Miezi Yote ya Baridi?

SWALI: Fundi shikamoo. Mi niko Minneapolis, Minnesota. Kiangazi hiki nilinunua skuta ya cc 125, ya kabureta, imeniokoa sana kwenda kazini maana paking ya gari mjini ni balaa. Sasa theluji inakaribia, ntaiweka kwenye gereji isiyo na hita kuanzia Novemba mpaka kama Aprili hivi. Shemeji yangu anasema niiwashe kila wiki dakika tano tu inatosha, jirani yeye anasema nimwage petroli yote tangi libaki kavu. Nimsikilize nani?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Marahaba dadangu. Kwa heshima zote kwa shemeji, hilo la dakika tano achana nalo kabisa, na nalisema kwa nguvu kwa sababu naona skuta nyingi nzima zinaharibiwa na watu wanaozipenda. Petroli ikiungua inatoa na mvuke wa maji, sasa kwenye gereji ya baridi hiyo injini ndani ya dakika tano haijapata moto wa maana, yale maji hayakauki, yanabaki kwenye egzosi yanakula bati na mengine yanaingia kwenye oili. Juu ya hapo stata inanyonya betri kuliko kile kidogo inachorudishiwa. Kwa hiyo ukiamua kuilaza ilaze moja kwa moja.

Na jirani naye kapatia nusu. Tangi la chuma ukiliacha tupu linashika kutu ndani, kwa hiyo tangi lijaze, bakisha nafasi kidogo tu juu. Petroli ya kawaida huko kwenu ina ethanoli, yaani aina ya spiriti, kama asilimia 10, na ethanoli inavuta unyevu, ukizidi inajitenga na petroli na kushuka chini ya tangi pamoja na maji yake. Uzuri wa Minnesota sheria inaruhusu kuuza petroli ya premiamu isiyo na ethanoli kwa ajili ya pikipiki, boti na mashine ndogondogo, kwa hiyo tafuta kituo chenye hiyo pampu, soma kibandiko chake vizuri. Tia na dawa ya kutunza mafuta, stebilaiza kama Sta-Bil, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, halafu zunguka nayo mtaani dakika kumi na kitu ili dawa ifike mpaka kwenye kabureta.

Kinachotakiwa kukaushwa ni kabureta, sio tangi, na hapa ndo nakuomba usiwe mvivu. Petroli iliyolala kwenye lile bakuli la chini inakauka taratibu inabaki ulimbo, na jeti ya sailensa, ile inayopitisha mafuta skuta ikinguruma imesimama, ina katundu kadogo mno, ikiziba hapo Aprili utapiga stata mpaka betri ife na skuta haiwaki, au inawaka inazima ukiachia mafuta. Skuta nyingi zina koki inayojifunga yenyewe injini ikizima, kwa hiyo usihangaike kutafuta pa kufunga. Tafuta skrubu ndogo chini ya bakuli, injini ikiwa imepoa, mlango wa gereji wazi, hakuna sigara wala moto karibu, ilegeze umwage kwenye kopo halafu kaza tena. Ukinunua ya injeksheni siku nyingine hili halikuhusu.

Oili badilisha SASA, usisubiri Aprili, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu na hutaki vyuma vilale humo miezi yote hiyo.

Betri itoe uingie nayo ndani. Anza kufungua waya wa hasi, wa kurudisha anza na chanya. Usiku wa Januari kwenu unashuka chini ya -20 za Selsiasi, betri iliyojaa inavumilia ila iliyoisha chaji inaganda, inapasuka, imekufa. Ikiwa imejaa multimita itasoma volti 12.6 au zaidi. Nunua chaja ndogo ya pikipiki inayojipunguza yenyewe ikishajaa, ile kubwa ya gari usiitumie, betri ya amp-saa 7 inataka kuchajiwa na kama amp 0.7 tu.

Mengine mepesi. Ioshe kwanza uikaushe, tairi zijaze upepo, isimamishe kwenye stendi kubwa. Egzosi ikishapoa zibe mdomo kwa kitambaa maana panya wa baridi wanapenda kujenga humo, na funga utepe mwekundu kwenye usukani usije ukasahau kukitoa. Funika na shuka la pamba, nailoni inafungia unyevu. Kama yako ina rejeta hakikisha kulanti ni nusu kwa nusu na maji, inalinda isigande mpaka kama -37 za Selsiasi.

Na tafadhali usiiingize besimenti kwenye boila ya gesi, mvuke wa petroli unatambaa chini na kufuata moto.

SWALI: Fundi mimi niko Mombasa, napata kazi Doha ya miezi sita, skuta naiacha kwa mamangu karibu na bahari. Kuna haja ya haya yote?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hongera kwa kazi kaka. Baridi huna lakini una chumvi. Mambo ya kabureta, oili na betri fanya vilevile, kuganda tu ndo sahau. Wewe pigana na kutu: ioshe kwa maji baridi yasiyo ya kisima chenye chumvi, ikauke juani, halafu nati, waya za breki na sehemu zote za chuma zilizo wazi zipake grisi au oili nyepesi, ila diski na viatu vya breki usiviguse na mafuta hata tone. Iweke ndani ya nyumba ya nje yenye hewa, sio varandani inapopigwa na upepo wa bahari. Mama asiiwashe, amwite tu kijana azungushe tairi mara mojamoja na kuangalia upepo.