Meza ya Msafiri: Piza ya Kukumbukwa katika Mji wa Ugenini

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu safari na chakula, na kwa namna ya pekee zimehusu piza. Tumechagua tatu, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa kuwa majibu yake yatawafaa pia wale walioandika mbili zilizobaki.

Swali: Kwako mshauri wa ukurasa huu, assalamu alaikum. Mimi ni baharia, mkazi wa Likoni. Mwezi ujao meli yetu inatarajiwa kutia nanga Napoli, na kwa kawaida huruhusiwa kushuka kwa saa tano au sita tu. Mwaka jana, katika bandari nyingine ya Ulaya, niliingia mgahawa wa kwanza niliouona mkabala na lango, nikaletewa piza nene, ya baridi katikati, yenye nyama ambayo hakuna mhudumu aliyeweza kunieleza ni ya mnyama gani. Nililipa, nikaondoka bila ya kula. Safari hii nataka kula piza nitakayowasimulia watoto wangu, nayo iwe halali. Nianzie wapi?
*Baharia, Likoni*

Jibu: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Bahati yako ni kubwa kuliko unavyoidhania, kwa sababu mji unaokwenda ndio unaohesabiwa kuwa nyumbani kwa piza, na mojawapo ya aina zake za kale zaidi ina jina la watu wa kazi yako. Huitwa marinara, yaani ya mabaharia. Wageni wengi hudhani kutokana na jina hilo kwamba ina samaki, lakini haina samaki, wala nyama, wala jibini. Ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni juu ya mkate ulioumuka, na watu wa Napoli husimulia kwamba iliitwa hivyo kwa kuwa ilikuwa chakula cha waliorudi kutoka baharini. Iagize hiyo kwanza, kabla ya nyingine yoyote.

Kuhusu uhalali, unga wenyewe usikutie hofu. Chama cha piza halisi ya Napoli, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimeweka kanuni kwamba donge hukandwa kwa unga wa ngano, maji, chumvi na hamira peke yake, bila ya mafuta ya aina yoyote, jambo lenye uzito kwetu kwa sababu katika sehemu nyingine za Italia ipo mikate inayokandwa kwa mafuta ya nguruwe. Hatari iko juu ya mkate. Maneno prosciutto, salame, salsiccia, speck na lardo kwenye orodha ya vyakula huashiria nguruwe karibu kila mara, na katika piza ya kukaangwa ambayo wenyeji wanaipenda sana, neno la kuchunga ni cicoli, ambavyo ni vipande vya nguruwe vilivyochanganywa na jibini laini ndani, mahali ambapo jicho haliwezi kuviona. Ukisema “senza maiale”, yaani bila ya nguruwe, utaeleweka. Jibini nazo nyingi za jadi hugandishwa kwa kimeng’enya kitokacho katika tumbo la ndama, na kama jambo hilo linakutia wasiwasi, hiyo ni sababu nyingine ya kushikamana na marinara. Tena, koleo na sakafu ya tanuri hutumika kwa piza zote, za nguruwe na zisizo za nguruwe. Hilo ni juu yako kulipima kabla ya kuketi.

Sasa nikueleze kinachoifanya piza ya huko isisahaulike, maana asiyekijua anaweza kuletewa iliyo bora akadhani ameletewa mbovu. Tanuri ya Napoli ni ya matofali, yenye paa la kuba, na huwashwa kuni mpaka joto lake likaribie nyuzi 450 za Selsiasi, hata kupita. Kwa joto hilo piza huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Aliyewahi kusimama kando ya mpishi wa mkate wa mofa, akaona donge likibandikwa kwenye ukuta wa udongo uliowaka na mara likabadilika rangi mbele ya macho yake, ameshaelewa nusu ya siri. Unga hauna muda wa kukauka. Ukingo hufura ghafla, ukawa mwepesi na wenye uwazi ndani, ukapata madoa meusi kama ya chapati iliyoshika moto sawasawa, ilhali katikati hubaki laini na yenye majimaji. Kwa hiyo usimrudishie mpishi ukidai kwamba haijaiva, wala usiyakwangue madoa ukidhani imeungua. Ile kupasa kuliwa papo hapo, kwa kuwa baada ya dakika kumi inakuwa ngumu kutafuna, nayo ni sehemu ya tabia yake. Mwaka 2017 UNESCO iliitia sanaa ya wapishi hao wa Napoli katika orodha ya urithi wa binadamu, na ni muhimu kutambua kwamba kilichoorodheshwa ni ustadi wa mikono yao, tangu kukanda na kutandaza hadi kuoka, wala si orodha ya viungo.

Ukishashuka, liache lango la bandari nyuma yako. Mgahawa ulio usoni pa bandari au mkabala na kituo cha treni huishi kwa mgeni ambaye hatarudi tena, na asiyetarajia kukuona mara ya pili hana sababu kubwa ya kukupikia vizuri. Ingia mji wa kale na uitafute barabara iitwayo Via dei Tribunali, nyembamba na yenye migahawa ya piza iliyokaribiana, mahali ambapo mtu wa Mombasa aliyezoea vichochoro vya Ndia Kuu hatajiona mgeni sana. Huko kuna pia nyumba zenye historia ndefu: Da Michele, ambayo familia yake imekuwa katika kazi hii tangu mwaka 1870 na ambayo sifa yake imejengwa juu ya piza mbili tu, marinara na margherita (ile ya nyanya na jibini), na Port’Alba, ambayo huhesabu miaka yake ya mgahawa tangu 1830. Da Michele hujaa sana, nawe huna muda wa kuupoteza kwenye foleni, kwa hiyo ama ufike kabla ya saa sita mchana, ama uiache. Sioni hasara katika kuiacha. Ustadi ule umeenea mji mzima, na ukibanwa na muda kabisa, tafuta piza iitwayo “a portafoglio”, ambayo ni ndogo, hukunjwa mara mbili ikawa robo na kuliwa kwa mkono huku unatembea kurudi melini.

Na pale utakapotia nanga katika mji ambao humjui mtu wala mtaa, kuna mambo ninayoyaangalia mimi mwenyewe kila ninaposafiri. Huangalia kwanza kama orodha ya vyakula ni fupi, kwa sababu jiko linaloahidi piza arubaini, biriani, samaki na vyakula vya Kichina haliwezi kulishughulikia donge linavyostahili. Hutafuta mahali ambapo tanuri inaonekana na madonge yamepangwa kwenye trei yakisubiri, dalili kwamba yamelazwa kwa saa nyingi yaumuke polepole. Hufurahi nikiambiwa kwamba wakati mwingine hufunga mapema kwa kuwa madonge yamekwisha. Mpishi wa aina hiyo hakubali kukanda la haraka haraka ili asipoteze mteja. Lakini msaada mkubwa kuliko yote nimeupata kwa swali. Ukimwuliza mwenyeji wapi kuna piza nzuri, atakutajia mahali anapodhani panamfaa mgeni, napo mara nyingi ni ghali na pana mapambo mengi. Siku moja, katika mji nilioufikia asubuhi ile ile, nilimwuliza muuza magazeti huwapeleka wapi watoto wake wanapomaliza mitihani. Alinyamaza kidogo, akatabasamu, kisha akanielekeza nyuma ya soko, kwenye chumba chenye meza sita na bibi mzee aliyekuwa akihesabu pesa mlangoni. Jina la mgahawa ule silikumbuki, lakini harufu ya ukingo wa mkate ule ingali puani mwangu hadi leo.

Jambo la mwisho kwako: meli yenu ikipita Genova, usiitafute piza ya Napoli huko. Ulizia farinata, ambayo ni unga wa dengu, ule ule wa bajia zetu, uliokorogwa kwa maji, chumvi na mafuta ya zeituni na kuokwa katika sinia pana ya shaba. Kila mji una kilicho chake, na hicho ndicho wapishi wake hukifanya kwa moyo.

Swali: Shikamoo mshauri. Mimi ni mwalimu wa Nakuru, na likizo ijayo nitawaleta wanangu watatu Mombasa kwa wiki nzima. Wao hawatulii mpaka wapate piza, nami sipendi kusafiri umbali wote huo kuwalisha ile ile ya maduka makubwa tunayoipata hapa kwetu. Je, Mombasa ina piza ya kukumbukwa?
*Mama watatu, Nakuru*

Jibu: Marahaba, mwalimu, na karibu sana pwani. Ipo, ingawa sitakutajia jina la mgahawa, kwa sababu katika mji huu wapishi huhama mara kwa mara, na mpishi akihama ladha huhama naye, jina likabaki mlangoni. Anzia upande wa Nyali na Bamburi, na kabla ya kwenda piga simu uulize mambo mawili: tanuri yao ni ya kuni au ya umeme, na donge hukandwa lini. Swali la pili lina uzito zaidi hapa kwetu kuliko Ulaya, kwa sababu joto la Mombasa huumua unga kwa kasi, na donge lililoachwa nje mchana kutwa hupita kiasi, likapata uchachu na harufu kali. Mpishi mwangalifu hulilaza kwenye friji usiku kucha ili hamira ifanye kazi yake polepole. Akijibu swali hilo bila ya kusitasita, wapeleke watoto, na mle pale pale. Msiagize iletwe kwa bodaboda, kwani mvuke uliofungiwa ndani ya boksi hulegeza mkate wote kabla haujafika.

Kwa kuwa mna wiki nzima, tengeni siku moja ya Malindi, takriban kilomita 120 kaskazini. Waitalia walianza kuja huko kwa wingi baada ya nchi yao kujenga kituo cha kurushia satelaiti, San Marco, katika ghuba ya Ngwana, ambako satelaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1967. Watalii na wawekezaji wakafuata, na leo utakuta Mijikenda anayezungumza Kiitaliano kwa ufasaha na kuoka piza aliyofundishwa na aliyezaliwa nayo. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine Kenya ambapo piza imekuwa chakula cha kawaida cha mji kwa namna hiyo.

Usiku mmoja pia wapitishe watoto Mji wa Kale wakale mkate wa mayai, ambao wageni wanaoujua kutoka Forodhani ya Unguja huuita piza ya Zanzibar. Unga hutandazwa mwembamba, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa mraba na kukaangwa juu ya bamba la chuma. Si piza, na haukutoka Italia. Jamaa zake ni mikate ya kukunjwa ya Uarabuni iitwayo mutabbaq. Naupendekeza kwa sababu watoto wataona mwenyeji wa mji akipika cha mji wake. Likizo ikiangukia Ramadhani, ngojeni magharibi, kwani ni baada ya futari ndipo mitaa ile huchangamka.

Swali: Nitakwenda Chicago kwa siku nne za mkutano. Programu ya simu inanionyesha mamia ya migahawa ya piza, karibu yote ina nyota nne na nusu. Nichague vipi?
*Mwanafunzi, Kisauni*

Jibu: Nyota ziweke kando, usome maneno. Maoni yanayosifu mandhari na tabasamu la wahudumu hayakwambii lolote kuhusu chakula. Tafuta yanayozungumzia mkate wenyewe, yaliyoandikwa miezi ya karibuni, na picha zinazoonyesha upande wa chini wa kipande. Mji huo una piza mbili. Ya kwanza ni ile ya sufuria, inayohusishwa na mgahawa wa Pizzeria Uno uliofunguliwa mwaka 1943, ambapo jibini hutangulia chini na nyanya hukaa juu, nayo huhitaji dakika 30 hadi 45 kuiva, kwa hiyo usiiagize ukiwa na kikao cha kukimbilia. Ya pili ni nyembamba, kavu kidogo, iliyokatwa miraba midogo, na ndiyo wenyeji wengi huila majumbani. Katika zote mbili soseji ni ya nguruwe isipoelezwa vinginevyo. Kama huli, taja spinachi au uyoga mapema. Kula ya sufuria siku ya kwanza pamoja na wenzako watatu au wanne, kwa sababu moja huwashibisha wengi, kisha uihifadhi ile nyembamba kwa usiku ambao mwenyeji mmoja wa mkutano atakubali kukupeleka mtaani kwake.