Kukunja bomba la kiti bila kulibonyeza

Ndugu yangu wa Chumbageni, umeuliza kama mashine ya kukunjia bomba yenye jeki ya tani 12 itakufaa kwa viti vya bomba la inchi moja. Kwa viti, hapana. Ile ni ya bomba nene la maji: jeki inasukuma katikati, roli mbili zinazuia pembeni, na bomba jembamba linabonyea penye kona. Tafuta ya mkono mrefu, ambayo bomba linabanwa kwenye gurudumu lenye mfereji na kuzungushwa nalo.

Nenda dukani na kipande cha bomba lako. Hapa wengi tunaumia, nami niliumia: bomba la maji la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33.4, la fanicha ni 25.4. Gurudumu la hili halishiki lile.

Mshono wa bomba uuweke ubavuni, usiwe mgongoni wala tumboni mwa kona. Pitiliza digrii chache, maana chuma hurudi. Kunja kwanza kipande cha majaribio, uandike ulipofika.

Ukilazimika kutumia moto, jaza bomba mchanga mkavu kabisa na uzibe ncha zake. Wa ufukweni, kama wa Raskazone, una unyevu, na mvuke uliofungiwa ndani unaweza kukufyatulia kizibo usoni. Ukaange kwanza, tafadhali sana. Na bomba lililopakwa zinki usilitie moto kabisa. Moshi wake unaleta homa.